Mwenye Deni Apige Kura?

Siku ya mkutano mkuu wa chama cha msingi inajulikana kijijini. Watu huamka mapema, huwaachia watoto kazi ya mbuzi, huvaa nguo safi na kwenda kwenye ghala la kahawa. Mlangoni imewekwa meza, na karani amefungua daftari. Wanaitwa majina mmoja mmoja. Mara mzee mmoja anaambiwa, "Baba, wewe kaa kule nyuma. Utasikiliza tu, kura huna. Ada hukulipa."

Hapo maneno huanza. Mzee anasema, "Mwanangu, nimepima kahawa yangu hapa tangu wewe hujazaliwa!" Karani anajibu kwamba masharti ni masharti. Wengine wanacheka, wengine wananung'unika, na mkutano unaanza watu wakiwa wamekwisha kasirika.

Je, nani ana haki? Jambo hili linagusa nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, na yafaa tulitazame polepole. Maana karani ana ukweli wake, na mzee naye ana ukweli wake.

KURA MBILI ZISIZOFANANA

Kwanza tutenganishe kura ya raia na kura ya mwanachama.

Zamani hata kura ya raia ilipimwa kwa fedha. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura ilimpasa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au awe amesoma mpaka darasa la kumi na mbili, au awe na kazi iliyotajwa katika sheria. Mkulima wa kawaida alibaki nje akitazama. Baada ya Uhuru kipimo hicho kiliondolewa, na mwaka 1962, Rais alipochaguliwa, mtu mzima hakuulizwa tena ana shilingi ngapi. Ndivyo ilivyo hata leo. Raia asiye na senti ana kura sawa na tajiri, na hakuna awezaye kumwambia, "Una deni, rudi nyumbani."

Watu wengi hudhani kwamba kura ya chama ni vivyo hivyo. Sivyo. Uraia mtu huzaliwa nao, lakini chama cha ushirika mtu hujiunga kwa hiari yake. Anaomba, anakubaliwa, analipa kiingilio, ananunua hisa, anatia sahihi au dole gumba. Tangu sheria ya kwanza ya ushirika katika Tanganyika, ya mwaka 1932, mkondo umekuwa ni huu: mtu hatumii haki za mwanachama mpaka awe amelipa yale ambayo masharti ya chama yanamtaka alipe. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 imeendelea katika mkondo huo huo. Hapo karani ana ukweli.

Lakini sikia na upande wa pili. Akishalipa, mwanachama ana kura moja, na hisa nyingi hazimwongezei ya pili. Katika kampuni ya biashara, mwenye hisa 100 ana kura 100. Katika ushirika, mwenye hisa moja na mwenye hisa 100 wanainua kila mmoja mkono mmoja. Desturi hii ilijengwa na mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844. Walikuwa maskini, baadhi yao wafumaji. Kila mmoja alitoa paundi moja, na wengi waliipata kwa kuweka peni chache kila juma. Walikubaliana kwamba kila mwanachama, mume kwa mke, atakuwa na kura moja. Basi ada na hisa ni kama mlango. Ukishaingia, ndani wote mko sawa.

KULIPA BILA SAUTI

Sisi watu wa Buhaya hatuhitaji kusafiri mpaka Uingereza ili kujifunza jambo hili. Wazee wanakumbuka habari za nyarubanja. Mpangaji alilima kibanja miaka na miaka, akamtolea mwenye nyarubanja ushuru wake, na bado hakuwa na neno la kusema juu ya ardhi aliyoilisha jasho lake. Alilipa, lakini hakuwa na sauti. Ilichukua sheria ya mwaka 1965 kuanza kuwafungua watu katika minyororo hiyo.

Tena tumeona na kinyume chake. Chama kikuu cha Bukoba, BNCU, kilianzishwa mwaka 1950, na vyama vya msingi vikawa chini yake. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu nchini kote, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Vijiji, kwa sheria ya mwaka 1975, vilihesabiwa kuwa vyama vya ushirika vya shughuli nyingi. Mwanakijiji alikuwa mwanachama bila kuomba na bila kununua hisa. Je, sauti yake ilikuwa kubwa zaidi? Hasha. Bei na wakuu wa mamlaka ya kahawa havikuamuliwa na mkutano wa wakulima. Vyama vikuu vilirudishwa na sheria ya mwaka 1982, na sheria ya mwaka 1991 ikasisitiza kwamba uanachama uwe wa hiari. Wakulima wa Bukoba na Muleba wakawa na KCU (1990) mpaka leo.

Katika habari hizo tunaona kwamba anayelipa bila sauti hukamuliwa, na kitu ambacho hukukitolea chochote ni vigumu kukidai kuwa ni chako. Malipo na kura yapasa vitembee pamoja.

HESABU YA WATU 31

Labda utasema, "Ada ni fedha kidogo tu, nitalipa mwaka ujao." Haya, tufanye hesabu.

Tuseme chama kina wanachama 200, na ada ni shilingi 2,000 kwa mwaka. Watu 90 hawakulipa. Deni lao wote ni shilingi 180,000. Kwa fedha hizo ndogo, watu 90 wamejiondoa katika kura. Wamebaki 110. Siku ya mkutano kuna msiba kijiji cha pili, kuna mvua, kuna wagonjwa, wanakuja 60. Ili jambo lipite, zatosha kura 31. Watu 31 wameamua mambo ya nyumba 200!

Na mambo yenyewe ni makubwa. Mkutano huo ndio unaochagua bodi. Ndio unaokubali au kukataa hesabu za mwaka. Ndio unaoamua chama kikope au kisikope, na makato ya kila kilo yawe kiasi gani. Wajumbe wanaotoka katika vyama vya msingi ndio wanaokaa katika mkutano mkuu wa KCU, na KCU ni mwenye hisa mkubwa katika TANICA, kiwanda cha kahawa kilichopo mjini Bukoba. KCU imeuza kahawa katika soko la biashara ya haki kwa miaka mingi, na fedha ya nyongeza inayotoka huko yatakiwa iamuliwe na wanachama katika mkutano wao. Basi mkono unaoinuliwa kijijini Muleba unafika mpaka kiwandani. Na katika msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoagiza kahawa ikusanywe kupitia vyama vya ushirika, watu wengi waliona wazi jinsi mlango wa chama ulivyo mlango wa mfuko wao.

BUTURA HUMEZA NA KURA

Mbona basi watu hawalipi? Wako wavivu, ni kweli. Lakini wengi wanakwama kwa shida, na shida yenyewe yajulikana kwa jina: butura.

Mtoto anafukuzwa shule kwa ajili ya michango, au mama anaugua, au kuna mazishi. Kahawa ingali maua mtini. Baba anakwenda kwa mwenye fedha, anauza mavuno kabla hayajaiva, kwa bei ya kutupa. Serikali imeikataza butura, lakini giza la jioni halina polisi. Msimu ukifika, kahawa ya maganda inaanikwa uani kwake, ila si yake tena. Siku ya kupima katika chama hana gunia. Na kwa kuwa vyama vingi hukata ada katika malipo ya kahawa, asiyepima hakatwi. Mwaka wa kwanza anadaiwa, wa pili anadaiwa, wa tatu jina lake limekuwa kama jina la marehemu daftarini.

Sasa tazama hatari iliyopo. Mnunuzi wa butura anazo fedha. Yeye hulipa ada yake mapema, tena hupima magunia mengi, hata yale ya kwako. Siku ya mkutano yeye anapiga kura, na wewe unakaa nyuma. Akichaguliwa katika bodi, unadhani atapiga vita butura? Unadhani atatafuta njia ya chama kuwakopesha wanachama fedha ya shule kwa riba ndogo? Ndiyo maana twasema kwamba butura humeza kahawa kwanza, halafu humeza na kura.

MADENI SI YA NAMNA MOJA

Hata hivyo, mzee wetu wa kule nyuma ana haki zake, nazo zisikanyagwe. Bodi nyingine hutumia neno "deni" kama fimbo ya kuwanyamazisha wale wanaouliza maswali. Kwa hiyo yatupasa kuyapambanua madeni.

La kwanza ni kiingilio na hisa. Asiyelipa haya hajaingia bado. Hakuna ubishi.

La pili ni ada ya mwaka. Hapa tazama masharti ya chama chenu, yaani katiba yenu. Kama yameandika kwamba asiyelipa ada hapigi kura, ndivyo. Kama hayakuandika, mwenyekiti hana ruhusa ya kutunga sharti jipya mlangoni asubuhi ya mkutano. Sharti hubadilishwa na mkutano mkuu, na badiliko huandikishwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kabla ya kuwa na nguvu.

La tatu ni mkopo, kama vile wa pembejeo au wa fedha katika SACCOS. Mkopo ambao muda wake haujaisha si kosa. Mtu anayelipa kila mwezi kama alivyoahidi hawezi kuitwa mdaiwa sugu. Mkopo uliopita muda wake ni habari nyingine, lakini hata huo una njia zake za kudaiwa: wadhamini, akiba yake, makato ya mazao. Kumnyima mtu sauti hakuleti shilingi hata moja ghalani.

La nne husahauliwa sana. Ni deni ambalo chama kinadaiwa na mwanachama. Umepima kahawa, umelipwa malipo ya awali, na malipo ya pili yamechelewa miezi. Je, ni haki chama kikuzuie kura kwa shilingi 2,000, nacho kimeshika maelfu yako? Akili yakataa. Mwanachama wa namna hii na aandike barua mapema, aombe ada yake ikatwe katika fedha anazokidai chama, na nakala ya barua aiweke sandukuni.

Tena deni la kweli lina adabu yake. Mdaiwa aarifiwe kwa barua siku nyingi kabla ya mkutano. Orodha ibandikwe ghalani pamoja na tangazo la mkutano, ili aliyeandikwa kwa makosa alete stakabadhi yake. Na orodha isiruke majina ya wakubwa. Kama karani anamrudisha mjane kwa ada ya mwaka mmoja, na juu ya jukwaa ameketi mjumbe wa bodi ambaye mkopo wake umelala miaka miwili, chama hicho kimeoza kichwani.

SAUTI YA MAMA

Hapa baba wa nyumba asikilize vizuri. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayechuma kahawa, ndiye anayeianika na kuigeuza, ndiye anayekimbia mvua ikitokea. Jina la daftarini ni la baba. Baba akifa, kahawa inaendelea kupimwa, lakini jina ni la marehemu, na marehemu hapigi kura. Mjane anaambiwa, "Mama, wewe si mwanachama." Amelipa kwa mikono yake miaka 20, hana sauti.

Dawa yake ni rahisi. Mke na awe mwanachama yeye mwenyewe, kwa hisa yake mwenyewe, hata kama ni moja tu. Tena kila mwanachama amwandikishe mrithi wa hisa zake katika daftari la chama wakati angali hai na mwenye afya. Wasiwepo wanaosema kwamba mila inakataa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, ikikaa Mwanza, iliamua kesi ya mwanamke Mhaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi. Jaji Mwalusanya alisema kwamba mwanamke ana haki juu ya shamba kama mwanamume. Kama ana haki juu ya shamba, vipi asiwe na haki juu ya gunia litokalo shambani?

HATA MAGHOROFANI

Wala usidhani kwamba ugomvi huu ni wa wakulima peke yao. Huko Dar es Salaam wapo watu wanaomiliki kila mmoja chumba chake katika ghorofa moja. Paa, ngazi na bomba la maji ni vya wote. Sheria ya mwaka 2008 juu ya umiliki wa sehemu za majengo inawataka wawe na umoja wao na kuchangia utunzaji. Nako kuna wasiolipa, na mikutano yao ina kelele kama yetu. Kule Ireland sheria ya mwaka 2011 iliweka kwamba kila nyumba katika majengo ya namna hiyo iwe na kura moja, na zote ziwe na uzito sawa. Makampuni mengi ya kutunza majengo huko yana kanuni kwamba asiyelipa mchango hapigi kura. Nao wanaulizana kama sisi: je, tukimfungia mwenye deni nje, atalipa, au atakasirika asirudi tena? Walio na busara hujibu kwamba ni heri kumpangia alipe kidogo kidogo, na akishika ahadi arudishiwe mkono wake.

LA KUFANYA KABLA YA MKUTANO

Basi, ndugu, usingoje siku ya mkutano ndipo ukumbuke chama.

Soma masharti ya chama, au mwombe mtoto aliye shule akusomee jioni. Ni haki yako kuyaona. Tafuta mahali palipoandikwa juu ya ada, juu ya kura na juu ya akidi ya mkutano.

Nenda kwa katibu mwezi mmoja kabla. Mwombe akuonyeshe jina lako, hisa zako na ada yako. Ukikuta kosa, lisahihishwe wakati huo huo, watu wakiwa wametulia.

Lipa, na udai stakabadhi. Neno la mdomo si malipo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Stakabadhi za kahawa na za ada ziweke pamoja mahali pakavu, mbali na panya.

Kama huna fedha yote, usijifiche. Andika barua, taja utalipa lini, na uombe bodi ijibu kwa maandishi. Wanachama wanaweza pia kupitisha mkutanoni kwamba ada ikatwe kwa wote wakati wa malipo ya kwanza ya kahawa, ili asiwepo anayesahau.

Kama umezuiwa bila haki, usipige mtu wala kuvunja meza. Omba sababu iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Peleka malalamiko yako kwa bodi. Isipokusikia, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya, Bukoba au Muleba, naye atakuonyesha njia ya kumfikia Mrajis. Sheria imempa Mrajis kazi ya kutazama magomvi ya vyama.

Nanyi wajumbe wa bodi, sikieni neno moja. Ukumbi wenye watu wachache ni rahisi kuuongoza, lakini chama cha watu wachache kina kahawa chache. Kila jina mnalolifuta bila kulitafuta ni magunia mnayoyapeleka kwa walanguzi na kwa magendo. Mtafuteni mwenye deni nyumbani kwake kabla ya kumfukuza mlangoni kwenu.

Na wewe unayedaiwa ujue kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ada yako ya mwaka huu inalipika kwa kilo chache tu za maganda. Zitenge sasa, kabla hajaja mtu wa butura, na uzipeleke chamani mwenyewe.